Tangi Lililonuka Jiki

Mama yangu anaosha kila kitu kwa jiki, yale maji makali ya klorini ya kung'arishia nguo. Sinia, sakafu, gamboti, mikono yake mwenyewe, na ukimpa nafasi ataosha hata kuku kabla hajataga. Kwetu Free Area, mtaani Nakuru, majirani walijua Jumamosi imefika kwa harufu iliyotoka dirishani mwetu. Kwa hivyo alipojenga grinhausi kule Lanet, jambo la kwanza alilofanya, kabla ya mche hata mmoja kuingia, lilikuwa kuweka karai la maji ya jiki mlangoni. Ulitaka kuingia, ulikanyaga karai kwanza. Baba alikanyaga. Mimi nilikanyaga. Pasta alipokuja kuiombea ile nyumba ya plastiki alikanyaga pia, na suruali yake nyeusi ikabaki na alama nyeupe kwenye pindo. Tuliiona kila Jumapili na hakuna aliyethubutu kuitaja.

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasisitiza kwamba grinhausi inaitwa kivungulio. Simjui mtu hata mmoja Lanet anayesema kivungulio, ila kwenye mtihani ndivyo ninavyoandika.

Nyanya zetu hazikuwa kwenye udongo. Msimu uliotangulia mama alikuwa amezipanda nje, kwenye ploti hiyo hiyo, na zikanyauka zote kabla hazijaiva. Kwenye semina ya wakulima akaambiwa kwamba ugonjwa umelala ndani ya udongo, na anayetaka kuukwepa apande bila udongo. Huku kwetu hilo si jambo la ajabu. Pamisi, yale mawe mepesi ya volkeno yanayoelea ukiyatupa majini, inachimbwa papa hapa Bonde la Ufa. Tulijaza mifuko, tukaipanga kwa safu, tukavuta mipira myembamba kutoka kwenye tangi, na kila mche ukawa unakunywa mbolea iliyoyeyushwa, tone baada ya tone, kama mgonjwa aliyewekewa dripu. Maji yaliyochuruzika chini ya mifuko mama aliyakinga kwa mfereji wa bati na kuyarudisha tangini. Hakuna tone lililopotea. Alijivunia ule mfereji kuliko hata nyanya zenyewe.

Baba ni fundi wa ujenzi. Mwaka ule wa 2007 Lanet ilikuwa inajengwa kila upande, na kila alipoitazama ploti yetu aliona vyumba vya kupangisha, vimejipanga, kila kimoja na mlango wake wa bluu. Alikuwa tayari ameteremsha mawe ya kujengea kando ya ua. Makubaliano yao yalifanyika jikoni mimi nikichagua mchele, kwa hivyo nilisikia kila neno.

"Nakupa hii season moja," baba alisema. "Zikinyauka tena, plastiki inashuka na mimi nainua rooms."

"Hazitanyauka. Hakuna udongo, ugonjwa utakaa wapi?"

"Sawa. Lakini ujue room haiozi mizizi, mama watoto."

Nami nilitaka grinhausi ibaki pengine kuliko mama. Niseme ukweli kwa nini. Shuleni mimi ni mmoja wa wale ambao mwalimu akiulizwa jina lao anafikiri kwanza. Jibu ninalo, lakini mkono unakataa kupanda. Mle ndani ya plastiki nilikuwa mtu mwingine. Nilifunga nyanya kwa kamba huku nikizisimulia mambo ya kidato cha pili, nani amegombana na nani, na mama akisikia kutoka safu nyingine anasema, "Hizo nyanya zitaiva zikiwa na udaku." Nilikuwa hodari mle. Nilijua tofauti ya jani lenye kiu na jani lenye njaa. Sikutaka mahali hapo pawe nyumba ya wapangaji.

Wiki ya Krismasi, mimea iliyo karibu na mlango ilianza kulala mchana. Jua likipanda inalegea kama mtu aliyesinzia kanisani, jioni inaamka. Mama alisema ni joto, na siku chache tukaamini ni joto. Halafu mmoja haukuamka. Niliung'oa. Mizizi ilikuwa ya kahawia, imelainika, na nilipouvuta mmoja kati ya vidole ngozi yake ilitoka yote kama soksi, nikabaki na uzi mwembamba mkononi.

Mama aliushika ule uzi kwa muda mrefu. "Ugonjwa umeingiaje?" aliuliza. "Na kila mtu anakanyaga karai."

Aliyetujibu ni mwenye agroveti, duka la mbegu na dawa za mifugo, kule mjini, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Nakuru na kurithi duka kwa baba yake. Aliuvuta mzizi mwingine wa mche tuliompelekea, soksi ikatoka, akapangusa vidole.

"Ugonjwa huu hauhitaji udongo, mama. Unaogelea. Ulipata maji, ukafurahi. Haya maji yanayotoka chini ya mifuko, unamwaga wapi?"

"Simwagi. Narudisha kwa tangi."

"Basi mgonjwa mmoja amewanywesha wote kutoka kikombe chake."

Kuhusu ule mfereji wake hakuna aliyewahi kumwambia neno baya. Mzee alifungua friji, na kutoka kati ya chanjo za kuku na bakuli la mtindi wake wa mchana akatoa pakiti ya unga wa rangi ya vumbi.

"Hii si sumu. Ni kuvu, inaitwa trikoderma. Unaitia kwa maji, unamwagia mizizi. Inakaa pale, inazunguka mzizi, na ile mbaya ikija inaliwa."

"Mzee, mimi nimemaliza mwaka nikipigana na ukungu. Sasa niununue?"

"Mama, hata mkate unaumuka kwa hamira. Hizi vitu haziko sawa zote." Aliongeza pakiti ya pili juu ya ya kwanza. "Moja sasa, nyingine baadaye kidogo. Zikae kwa friji, zisione jua. Na usichanganye na dawa yoyote. Iko hai hii. Na ukiiua haitakuambia."

Friji hatukuwa nayo. Pakiti ya pili tuliipeleka kwa mama wa kioski jirani yetu, akaisukuma nyuma ya soda. "Nikimuuzia mtu kimakosa akaitia kwa chai, mimi simo," akasema.

Ile ya kwanza tulienda nayo Lanet siku hiyo hiyo. Na hapa ndipo mama yangu alipofanya jambo ambalo yeye tu, kati ya wakulima wote wa Lanet, angelifanya kwa moyo safi kiasi hicho. Hakuweza kuweka kitu kizuri kwenye tangi chafu. Akaingia ndani ya tangi na brashi na chupa ya jiki, akalisugua mpaka likang'aa kama sufuria ya harusi. Mipira nayo akaipitishia jiki. Akasuuza haraka haraka, kwa kuwa jua lilikuwa linapanda na pakiti isingengoja. Akajaza maji ya bomba la mji, ambayo yenyewe huja yakinuka klorini. Akamwaga unga, akakoroga kwa fimbo aliyoiosha, unajua kwa nini.

Hakuna kilichobadilika. Safu ya mlangoni ilikufa, ya pili ikaanza kusinzia. Mama akasema yule mzee ametuuzia unga wa muhogo. Baba alikuja na futi yake ya chuma, akapima kutoka ua hadi kwenye mlango wa grinhausi, kisha akapima tena kama vile mara ya kwanza hakuamini bahati yake.

"Unapima nini?" mama aliuliza.

"Napima tu. Kupima si kujenga."

Januari iliyofuata, ya ghasia za baada ya uchaguzi, kila mtu Nakuru anaikumbuka, nami sitaieleza hapa. Maduka ya mjini yalifunga milango, agroveti pia. Shule zilichelewa kufunguliwa. Baba hakuwa na mahali pa kujenga, kwa hivyo tulikaa nyumbani sote watatu, jambo ambalo hatukuwa tumelizoea. Kulipotulia tulipita njia za ndani hadi Lanet, tunamwagilia, tunang'oa iliyokufa, tunarudi mapema. Pakiti ilikuwa imebaki moja tu duniani, kwa jinsi tulivyoona, na mama hakutaka kuisikia.

Asubuhi moja alikuwa anatayarisha uji. Nyumbani mwetu mwenye jiki kila kona, kuna kitu kimoja ambacho jiki haijawahi kukigusa, nacho ni kibuyu cha uji alichopewa na shosho, bibi yangu, siku alipoolewa. Unga wa wimbi na maji huingizwa mle, unachacha, ndipo unapikwa. Uji ukiisha, kibuyu husuuzwa kwa maji matupu na kuachiwa kidogo cha jana kwenye kitako. Sabuni, hapana. Niliwahi kuona binti tuliyemwajiri akikisugua kwa Omo kwa nia njema kabisa. Uji wa kesho yake ulikuwa hauna uchachu, kama maji ya kuoshea mikono, na mama akaomboleza kana kwamba kuna aliyefiwa.

Nilimwona anakisuuza, taratibu, anatikisa, anamwaga, anaacha kidogo. Mkono wangu ukabaki na kijiko hewani. Niliona kibuyu, na nyuma ya kibuyu niliona tangi.

Sikusema. Kwa karatasi mimi ni jasiri sana, jioni ile nilijaza kurasa. Lakini kumwambia mama kwamba usafi wake una makosa, hiyo si kazi ya karatasi. Nilizunguka na maneno mdomoni kama pipi isiyoyeyuka. Kila tulipoenda Lanet kusinzia kwa safu ya pili kulikuwa kumesogea mbele, na baba alikuwa ameanza kutenganisha mawe, makubwa huku, madogo kule. Nikaona nikiendelea na haya zangu nitazila ndani ya room ya kupangisha.

Kwa hivyo nilianza kwa mbali.

"Mama, kwa nini hatuoshi kibuyu na jiki?"

"Si unajua. Uji hautachacha."

"Kwa nini hautachacha?"

"Itaua ile kitu ya kuchachisha."

"Kwani hiyo kitu iko hai?"

"Sasa ingekuwa imekufa ingechachisha?" Alikuwa anakunja nguo. Akakunja moja, ya pili akaiacha katikati. "Wewe unataka kusema nini?"

"Tangi," nilisema.

Neno moja tu. Ndilo lililopita.

"Tangi nilisuuza."

"Lilikuwa bado linanuka, mama. Hata mipira. Na maji ya mji yako na klorini."

"Mzee alisema nisichanganye na dawa. Jiki si dawa. Jiki ni usafi."

Baba alikuwa kwenye kiti akisikiliza redio. Akapunguza sauti. "Hapo amekupata."

"Wewe nyamaza, hii si room."

"Nimenyamaza. Nasema tu amekupata."

Mama alinigeukia. Nilidhani atanifokea. Lakini mama yangu hakasiriki na hoja, hukasirika na mtu asiye na hoja. "Nionyeshe," akasema. "Usiniambie mambo ya shule. Nionyeshe."

Nilichukua vikombe viwili vya plastiki. Unga wa wimbi sawa sawa, maji ya kunywa yaliyochemka na kupoa, na kijiko cha masalio kutoka kibuyuni. Cha pili nikatia jiki kidogo, kiasi cha kifuniko cha chupa. Nikaviweka karibu na jiko, kwenye joto, nikakaa kuvilinda kama mtu anayelinda mtihani. Baba alipita akaangalia ndani. "Leo tunakunywa uji wa jiki? Angalau tumbo litatakata."

Kesho yake asubuhi kikombe cha kwanza kilikuwa na mapovu juu na ile harufu kali nzuri inayokufanya umeze mate. Cha pili kilikuwa kimetuama, unga chini, maji juu, kimya. Mama alinusa cha kwanza. Akanusa cha pili. Akarudi kwa cha kwanza, kana kwamba anasalimia mtu anayemfahamu. Kisha akamwaga cha pili kwenye sinki bila neno, akavaa gamboti.

Nilitumwa kuleta pakiti. Mama wa kioski alikuwa anauza kupitia dirisha dogo tu siku hizo.

"Chukua mgeni wako," akasema. "Amekaa kwa friji yangu hata asante hajasema. Stima ilipotea juzi nikamlaza kwa barafu na samaki."

"Auntie, alipata joto?"

"Hapana. Yule alilala vizuri kunishinda."

Sikuwa na njia ya kujua kama anachekesha ama anaficha. Pakiti ilikuwa baridi, na ilinuka samaki. Niliibeba ndani ya sweta.

Safari hii mama alisugua tangi kwa brashi na maji peke yake. Niliona mkono wake ukienda upande ilipozoea kukaa chupa, ukifika pale, ukirudi mtupu. Maji ya bomba tulikuwa tumeyaacha wazi kwenye madramu, juani, mpaka harufu ikaisha. Nilitumbukiza pua mara nyingi kuhakikisha. Mfereji wa bati ulikatwa na baba mwenyewe, kwa msumeno wake, na maji yaliyochuruzika yakaelekezwa nje kwenye majani ya nepia ya kulishia ng'ombe wa jirani. Mama aligeuka asitazame. Mimea iliyokwisha kuoza tuliitoa na mifuko yake, tukaipeleka mbali. Mipira hatukuiamini kwa sababu ilikuwa bado na harufu, kwa hivyo tulingoja jua lipungue tukamwagia kwa mkono, kikombe kwa kila mfuko, mama safu hii, mimi ile. Nilimsikia akisema chini kwa chini, karibu na shina la kwanza, "Haya, shukeni mkule."

Karai la mlangoni lilibaki. Miguu ni miguu.

Sitadanganya kwamba nyanya ziliamka asubuhi. Safu ya pili kutoka mlangoni ilikufa karibu yote, na mama alizing'oa akiwa ameuma midomo. Siku kadhaa baba alikuja na sisi, akakaa juu ya mawe yake kama mtu anayesubiri gari. Lakini kule kulala kwa mchana hakukuvuka kwenda safu ya tatu. Nilikuwa nasimama pale mstari ulipoishia, saa ya jua kali, nikiyatazama majani. Yalikuwa yametanuka. Siku iliyofuata yametanuka. Sikuwa na wasiwasi tena, na hilo lilinishangaza mimi mwenyewe. Nilikuwa najua kinachoendelea kule chini kama ninavyojua kibuyu kikifunikwa kinafanya nini.

Siku nilipofungua ubavu wa mfuko mmoja na kuifukua pamisi kwa kidole, kulikuwa na mizizi mipya imepenya kati ya mawe, myeupe kama tambi.

"Mama."

Alikuja. Alichuchumaa. Hakugusa, aliangalia tu, akaita, "Baba watoto, njoo uone kitu."

Baba alikanyaga karai, akaja akipangusa mikono kwenye suruali. Alipiga goti, akashika ncha ya mzizi mmoja kati ya vidole vyake vya saruji akauvuta polepole, akingoja soksi itoke. Haikutoka. Akavuta mwingine.

"Haitoki," akasema.

"Uliambiwa itoke?" mama akasema.

Baba akaifunika mizizi kwa pamisi, taratibu, akapigapiga juu kwa kiganja namna anavyosawazisha sakafu. Futi yake ilikuwa mfukoni. Haikutoka siku hiyo.

Shule zilipotulia nilirudi, kidato cha tatu sasa. Darasani mkono bado haupandi, kama kuna aliyetarajia vinginevyo. Lakini jioni moja nilipitia Lanet nikiwa na sare na kukuta rundo la mawe limepungua. Nilisimama pale moyo ukinienda mbio, kisha nikaona yalikokwenda. Kwenye kona ya grinhausi baba alikuwa amejenga jukwaa, imara kupita kiasi, kama la kubebea kanisa, na juu yake kulikuwa na tangi jipya, na bomba linaloshuka kutoka kwenye paa la plastiki.

"Ya maji ya mvua," aliniambia. "Maji ya mvua hayana klorini. Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui," nilisema.

Mama aliangua kicheko kutoka ndani, safu ya tatu.

Mpaka leo baba hajatamka kwamba grinhausi itabaki. Mawe yaliyosalia yako pale pale kando ya ua. Jioni huyakalia, na chumvi kwenye kikaratasi, na nyanya aliyochuma mwenyewe bila kuuliza mtu, anakula, anafuta kidevu, anainuka kwenda kuchuma nyingine. Kabla hajaingia, anakanyaga karai.